Goti la Mama Nkwimba

Jumanne, 7 Novemba 1995

Ni mimi, mwanafunzi wa tiba ya viungo, niliyeandika kwamba goti lake limepona. Lilikuwa linakunjika nyuzi tisini, na kitabu cha chuo kinasema hizo zinamtosha mtu kukaa kwenye kiti.

Leo Mama Nkwimba amerudi hospitalini kutoka Buswelu na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kunishukuru. Alipomwona mwalimu wangu, ambaye ni mzee, akataka kupiga magoti amwamkie kama walivyofundishwa kwao Usukumani. Akaishia katikati, ameshika meza.

“Shikamoo baba, unisamehe. Binti yako kanitibu vizuri, ni mguu wangu tu una kiburi.”

Wiki sita nililipima goti lile. Sikumwuliza hata siku moja analihitaji kwa kazi gani.

Na michembe nikaipokea, kwa mikono miwili.