Walii wa Bi Zafarani

Jumamosi, 4 Januari 1975. Ibra, Omani

Baridi. Maji ya kutawadha yanauma mifupa. Skuli nimesomesha vipindi vitano vya Kiingereza. Waalimu wa Misri wamekicheka tena Kiarabu changu. Nacheka nao, lakini nachukia.

Nimerudi, Bi Zafarani kapika mchuzi wa papa mkavu wa Sur. Kaniamkia shikamoo yeye kwanza, na kanizidi miaka sita. Nishamkataza, hasikii. Tumezungumza mpaka magharibi. Mji mzima huu ndiye mtu pekee ninayesema naye Kiswahili. Chake cha kizee, kakinyonya kwa mama yake, mtumwa aliyeletwa na babu yangu kutoka Unguja. Zafarani kazaliwa humu humu, na babu akamwacha huru kabla ya kufa. Nilipofika mwaka juzi, mimi mzaliwa wa Unguja, nyumba hii nimemkuta yeye tu, anafagia.

Jumatatu, 6 Januari

Kaja Mabruk wa mji wa Al Kamil, fundi wa mashine za maji, yule aliyetengeneza pampu ya shamba letu. Kafiwa na mke. Wazee wake nao walikuwa watumwa. Nikadhani kaja kwa habari ya pampu. Kumbe kaja kumposa Zafarani. Kwangu mimi! Kasema Zafarani hana baba, hana kaka, hana mtoto, kwa hivyo mwenye kumuozesha ni mimi. Nimemjibu nitafikiri.

Nimekasirika na sijui kwa nini. Uongo. Najua. Nani atabaki humu?

Jumanne, 7 Januari

Nimekwenda kwa kadhi nikitaraji ataniambia hainihusu. Kasema mwanamke aliyeachwa huru, akiwa hana jamaa, walii wake, mwenye kumuozesha, ni jamaa wa yule aliyemwacha huru. Wanaume wa nyumba ya babu wamekwisha, nimebaki mimi. Kasema pia nikimzuia bila ya sababu, yeye kadhi atamuozesha.

Haya sikumwambia Zafarani, anayengoja jibu la posa. Nimemwambia kadhi kasafiri Maskati. Akasema haya, akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi, 11 Januari

Namtafutia Mabruk ila. Anavuta sigara. Na mimi navuta. Al Kamil mbali. Zafarani mtu mzima, ndoa ya nini tena? Haya yote nimeyasema peke yangu, kwa sauti, kama mwendawazimu.

Nilipokuwa Dubai nikiwalaumu wazee wetu kwa utumwa, mbele za watu. Wakinisifu. Nilipenda kusifiwa.

Jumapili, 12 Januari

Njia ya mwongo fupi. Zafarani kamkuta kadhi sokoni, ananunua ndimu.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Kaniwekea chakula, kasimama mlangoni, na leo hakukaa kuzungumza. Kasema: "Mama yangu kafa chumba kile pale, akingoja kuambiwa nenda. Wewe ndiwe mwenye kusema, Maalim. Basi sema."

Nimeshindwa kula. Serikali imeupiga marufuku utumwa tangu mwaka wa sabini. Mimi nimeuweka ndani kwa ajili ya mazungumzo ya jioni.

Alasiri nimempelekea habari Mabruk. Ndoa Alhamisi.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeozesha.

Kwanza nimekwenda kwenye pazia kumuuliza kama ananipa ruhusa nimuozeshe Mabruk. Sijamaliza, keshasema nimekubali.

Mbele ya kadhi nilitaka kusema namuozesha dada yangu. Nilijiona mwema. Kadhi kanizuia, kasema ndoa haisimami juu ya uongo, taja ulivyo kwake. Nikataja, kwa Kiarabu changu hiki cha kuchekwa: nimekuozesha Zafarani, aliyeachwa huru na babu yangu. Hakuna aliyecheka. Yeye nyuma ya pazia kasikia kila neno. Mabruk akajibu amepokea.

Wameondoka kwa gari lake la mizigo. Sanduku moja, godoro, mbuzi wawili. Hayo ndiyo ya miaka hamsini. Zafarani hakulia. Mimi nimelia, baada ya gari kukata kona.

Jumatano, 22 Januari

Nimepika wali, umeungua chini na juu mbichi. Nimekula hivyo hivyo. Wiki nzima Kiswahili nimesema na paka.

Leo Mabruk kaja skuli kutazama mashine ya tangi. Kanenepa, au furaha tu. Nimemuuliza kama naweza kwenda Ijumaa kuwaamkia. Kajifuta mikono kwa kitambaa. Kisha kasema nyumba ni ya Zafarani, atamuuliza mwenyewe, na akikubali ataniletea habari.

Nimerudi, nimefagia ua. Magharibi imeingia. Hajaja mtu.