Mafuta ya Kwenye Kona za Debe

Jumanne, usiku

Na mimi ndiye mwembamba kuliko wote katika ukoo huu. Majibu ya damu tuliyopimwa kanisani yametoka leo. Wifi yangu, ambaye kiti cha plastiki hukikagua kwanza ndipo akikalie, yuko safi. Baba Neema, mume wangu, wa kiti moto, nyama ya nguruwe ya kukaanga, kila Jumamosi, safi. Kolesteroli imepanda kwangu.

"Wifi, kumbe unakula kwa kujificha," akasema dada huyo wa mume wangu, dukani kwangu Sombetini, mbele ya wateja.

Daktari alisema wembamba si kinga, na kwamba hedhi ikishakoma mwanamke hupoteza ulinzi aliokuwa nao. Sawa. Lakini aliponiuliza napikia mafuta gani, nikaaga, nikasema nimeacha duka wazi.

Tangu miaka ile serikali iliporuhusu tena bidhaa za nje, nauza mafuta ya kuganda, napima kwa kijiko. Yanayobaki kwenye kona za debe nayakwangua, napeleka jikoni. Miaka yote nimejisifu kwamba nyumba yangu hainunui mafuta.

Jioni nimepika makande bila mafuta kabisa. Baba Neema akaonja, akaweka kijiko chini. "Mama Neema, nani amefiwa?"

Nikamwambia damu yake ni safi, aende akale kwa dada yake. Akaenda, tena amevaa kofia, kama mtu aliyealikwa karamuni.

Mama yangu alianguka kwa kiharusi akiwa na umri huu huu wangu.

Nimemaliza sahani nzima. Halafu nikalimwagia debe maji ya moto na sabuni, nikasugua kona zote nne, nikamwaga.