Nyumba ya Ghorofa Niliyomchorea Mama

Jumapili, Kibondo. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini mawingu bado yamelala juu ya vilima. Moyo wangu nao mzito.

Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya kazi yangu mpya, nikaiita "Kwetu". Mliisifia sana. Leo sina budi kuandika ukweli wake.

Ni nyumba ya kufikirika: ghorofa juu ya ghorofa, ngazi za mbao, vibaraza kila upande, madirisha ya vioo vya rangi. Niliichora kwa sindano juu ya bamba la zinki lililopakwa nta, nikaiacha asidi ichimbe mistari, kisha nikalipaka wino na kulikandamizia karatasi. Ghorofa za juu nilizibuni mwenyewe. Ya chini, pamoja na ngazi zake, ni ya Mama, kama alivyotusimulia tangu utotoni: nyumba ya kwao Burundi, aliyoiacha akiwa msichana, akavuka mpaka kupitia Mabamba.

Shuleni watoto walipotuita wakimbizi, mimi nilijibu kwamba kwetu kuna ngazi ndani ya nyumba.

Jana nilitoka Kasulu kumletea nakala. Leo tulipotoka kanisani nikampa. Akaishika muda mrefu, machozi yakamtoka. Nilidhani ni furaha.

Kisha akahamia Kirundi, kama afanyavyo jambo linapomwelemea. Akaniambia nyumba ile haikuwa yao. Wazazi wake walikufa angali mdogo, akapelekwa pale kuchota maji na kulea watoto wa wenyewe. Vita vilipofika, wenye nyumba waliondoka kwa gari. Hawakumchukua. Alitembea peke yake hadi mpakani.

"Nilitaka mjue mmetoka mahali," alisema.

Nilikasirika. Nakiri. Badala ya kumhurumia yeye nilijihurumia mimi, niliyekua nikijivunia ngazi za watu. Nikatoka nje, nikasimama uani nikitazama maharage yake yaliyolowa, nikamwacha na karatasi mapajani. Mama wa miaka yake, amesema kweli kwa mara ya kwanza, na mwanawe anampa mgongo.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe.

Niliporudi ndani alikuwa ameweka kidole kwenye weupe wa karatasi, nyuma ya nyumba.

"Nilikuwa nalala hapa, jikoni. Pana nafasi, mwanangu?"

Nikamwambia ipo. Bamba naweza kulipaka nta upya na kuongeza mistari; nikifika Kasulu nitaanza na hilo. Jina sijui. Naweza bado kuiita "Kwetu"?

Nikachukua penseli, nikamwuliza mlango wa jiko ulitazama upande gani, nisije nikakosea tena.

Amesema jiko halikuwa na mlango.