Boma Moja, Hifadhi Moja

Jumatatu, 3 Machi

"Flashi ni ya kubebea nyimbo na picha za harusi. Ukiiwekea mfumo mzima wa kompyuta, itaungua kabla mwezi haujaisha." Maneno ya Wafula, fundi wa hapa Kitengela, mbele ya kikundi cha akina mama wafugaji wa Isinya. Nusu ukweli. Ndio uongo ninaouchukia zaidi. Kinachoua flashi ni kuandikwaandikwa ovyo. Ukipunguza kuandika, inadumu.

Laptop ni tano, za msaada. Ofisi iliyozitoa iling'oa diski kwanza. Jumamosi kikundi kinaamua: zikifanya kazi kwa flashi zinabaki, la sivyo zinaenda kwa mtu wa vyuma vikuukuu. Nimesema zitafanya. Nimesema kwa sauti, kama kawaida yangu. Miaka ishirini darasani, na bado sijajifunza kusema polepole.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nzima mezani. Chai imepoa mara mbili. Mfumo huria, mwepesi, umeingia kwenye flashi bila shida. Kisha kazi yenyewe: kuunyamazisha. Kila faili ikisomwa, mfumo unaandika saa iliposomwa. Nani aliuuliza? Nimezima. Ripoti zake za kila tukio, faili za muda, mabaki ya kivinjari: vyote nimevihamishia RAM, kumbukumbu ile inayofutika mashine ikizimika. Vifie humo.

Taa ya flashi imetulia. Nimeitazama dakika kumi. Raha tupu.

Folda ya nyaraka nayo nimeihamishia RAM. Kwa nini niache kazi nusu?

Alhamisi, 6 Machi

Isinya. Mama Nasieku, katibu wa kikundi, ameandika sajili ya chanjo tangu asubuhi. Hataki safu ya nambari. Kwao ng'ombe hawahesabiwi. Anawaandika mmoja mmoja: mwekundu mwenye baka jeupe shavuni, mtoto wa yule aliyetoka Kimana. Mweusi wa pembe iliyovunjika. Nilikuwa napenda tu kusoma.

Saa tisa stima ikapotea. Betri za laptop zilikufa zamani. Stima iliporudi, mfumo uliwaka vizuri kabisa. Folda tupu. Kazi ya siku nzima.

Hakunifokea. Angenifokea ningejibu. Alisema tu, "Mwalimu, kumbe hii kitu haishiki."

Wafula alikuwa amepata habari kabla sijafika nyumbani. Ujumbe wake: "Pole Mwalimu. Flashi ni nzima. Naona kilichoungua ni kichwa." Nimeandika majibu matatu. Nimeyafuta yote matatu. Yuko sawa, na hiyo ndiyo inaniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi Isinya na mpango mbovu: mashine ihifadhi yenyewe kila dakika. Yaani kule kuandika ovyo ninakokupinga.

Nimemkuta Mama Nasieku kwenye lango la boma, ng'ombe wakirudi. Anamtazama kila mmoja akipita. Wa mwisho akiingia, anafunga kwa miiba. Basi. Nimemuuliza kama mchana huwa hawakagui. "Mchana wanakula. Niwafuate nikiangalia nini?"

Nimevuta waya wa stima kutoka nyumbani kwake, nikafungua laptop palepale, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nyaraka zimerudi kwenye flashi. Takataka zimebaki RAM. Hakuna kujihifadhi kila dakika. Boma moja likiisha kuandikwa, mwandishi anahifadhi mara moja. Lango limefungwa.

Aibu kidogo. Nimesoma kurasa mia za mabishano kuhusu flashi, na jibu lilikuwa langoni.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa kikundi, Isinya. Wafula amekuja mwenyewe, ameketi mbele. Mama Nasieku alifika mapema na kuandika boma lake lote upya, kutoka kichwani, bila karatasi. Akahifadhi. Taa ya flashi ikapepesa kidogo, ikatulia.

Wafula akasimama, hakuomba ruhusa, akachomoa waya ukutani. Kioo kikazimika.

Akachomeka tena. Mama Nasieku akapitisha kidole kwenye kioo, polepole, mstari kwa mstari. "Wako wote. Hata yule mkorofi."

"Mwezi haujaisha, Mwalimu," Wafula akasema.

"Basi rudi ukiisha. Na uje na flashi iliyoungua, usije na mdomo peke yake."

Akina mama walicheka. Hata yeye alicheka. Laptop zinabaki.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ndogo baada ya kanisa. Nguo zimelowa kwenye kamba, sijajali. Sina wa kugombana naye leo na sijamtafuta.

Nimeandika karatasi ya kubandika ukutani kule Isinya. Mara ya nne sasa, kila mara fupi zaidi:

Akina mama mnaoandika sajili: boma moja likiisha, hifadhini mara moja. Msichomoe flashi taa yake ikipepesa. Na Mwalimu akija na wazo jipya, mwambieni aanze kulijaribu kwa kazi yake mwenyewe.