Vioo vya Kamyo ya Tata Kabeya

Monga, mjukuu wangu, jambo. Huku Kolwezi tuko wazima. Mama yako alipita juzi, akaniletea unga wa mihogo, akanisomea barua yako. Unauliza kwa nini nikiosha kamyo, hili lori, naanza na vioo vya pembeni.

Tulipokuwa tunawafukuza watu wa Kasai hapa kwetu warudi kwao, mimi nilitumwa kuchukua funguo za kamyo ya Tata Kabeya, Mkasai, jirani yetu wa mtaa wa Musonoi. Familia yake ilikuwa imeketi juu ya mizigo, ikingoja gari la moshi. Yeye nilimkuta akisugua nikeli ya bampa kwa majivu na ndimu. Kamyo nzee, lakini iling'aa kama ya harusi.

Nikamwambia, "Tata, acha. Haiko ya kwako tena."

Hakukasirika. Alilowesha gazeti, akafuta vioo vya pembeni taratibu, akarudia mara ya pili. Kisha akaniwekea funguo mkononi.

"Batoto ba hapa banapenda kudandia nyuma," akasema. "Mwenye ataendesha abaone muzuri."

Mama yako alikuwa mmoja wao. Siku ile ile, nikiiendesha kamyo, nilimwona kiooni, ananing'inia nyuma, anacheka.

Kambo yako, baba ya mama yako