Mwalimu Aliyeniita Kambale wa Daraja

Bukavu, katikati ya mvua

Kwa Yaya Mumbere, Butembo,

Nakusalimu wewe, na Mama, na wote wanaokula katika chungu kimoja nanyi. Mguu wa Mama umeshuka uvimbe? Na nyumba, mulipata mabati ao bado munalala chini ya turubai la kamio tangu waasi wapite? Miye niko muzima. Malaria ilinilaza, ikaniacha, donc usimwambie Mama.

Barua yako imenifikia kwa dereva wa Lubero. Kila nikiisoma inaniuma pahali pengine. Umeandika: "Kambale wa Daraja, tangu uende huko, madaraja yako hayajatuletea hata kilo ya chumvi. Rudi uchukue usukani wa kamio ya pili. Maharagi yakivunwa hujafika, nampa mutoto wa mama mudogo. Na daraja la njia ya Beni lililochomwa, nimelaza miti miwili mwenyewe, kamio zitapita."

Yaya, si mara ya kwanza unanicheka kwa jina hilo. Mais safari hii umenikuta vibaya, kwa sababu hata miye sijui tena kama ni jina langu.

Unamukumbuka Mwalimu Kabeya, Mukasai, mutu wa Kasai, aliyetufundisha karibu na muto Kimemi. Alipofika hakujua kwamba kwetu kila mutoto wa pili wa kiume ni Kambale. Akaita "Kambale", nusu ya kalasi ikasimama. Majina ya ubatizo hayakumusaidia, sote tulikuwa Jean ao Joseph. Ndipo akapita benchi yetu akitugawia: wewe Kambale wa Padri, wewe Kambale wa Munganga, wewe Kambale wa Soko. Alipofika kwangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema: Kambale wa Daraja.

Kunyamaza kule ndiko kumenitembeza mpaka huku. Nilijua ameona kitu ndani yangu. Siku moja alitupeleka chini ya daraja la Kimemi, akauliza kwa nini boriti ziko tatu na si mbili. Wenzangu walikamata vyura. Miye swali lile nilitoka nalo, nikagombana na Baba kwa ajili yake, nikakataa duka lake, nikabebea kompanyi ya bazungu mawe mpaka nikawa kapita, musimamizi wa wabeba mawe. Uhuru ulipokuja, injiniya wao alikimbia akaacha hata sahani mezani. Nani alibaki na kazi yake? Miye. Nani alipewa nyumba yake? Mutu mwingine, mwenye diploma. Na mushahara wangu uko uleule wa kapita.

Basi juma lililopita tulikuwa tunamaliza daraja la miti kwenye njia ya kusini. Watu walingoja ng'ambo na mizigo yao, wakimbizi wengi. Nikasikia mutu anahesabu batoto wake kwa sauti ya kuita kalasi. Sauti niliijua kabla ya uso. Ni Mwalimu Kabeya, amekonda, koti halina kifungo hata kimoja. Uasi ulimukuta shuleni kwake, akatoka na muke na batoto, wakatembea.

"Mwalimu, ni miye, Kambale wa Daraja."

"Kambale? Kule Butembo hata mbuzi inaitwa Kambale."

Tukacheka. Nikawapa chai na muhogo. Kisha nikamuuliza lile nililolibeba tangu utoto: siku ile aliona nini kwangu?

"Niliona dirisha," akasema.

"Dirisha gani?"

"Ya kalasi. Inspekta alikuwa anakuja, miye natafuta majina mbio. Nikaangalia inje. Kanisa, nikasema Padri. Dispensari, nikasema Munganga. Soko. Halafu ukungu ikafunika. Nikangoja, daraja ikatokea. Weye njo ulikuwa unafuata kwa benchi."

"Na siku ulitupeleka chini ya daraja?"

"Chaki ilikuwa imekwisha."

Nikamwambia habari ya kamio yako, nikamuuliza nifanye nini. Akanywa chai yake yote kwanza. "Uko mutu muzima, Kambale. Miye nilikuwa mwalimu, sikuwa mufumu wa kupiga ramli."

Yaya, kichwa changu kimechafuka. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba Kambale wa Munganga anauza samaki Kirumba, na Kambale wa Padri ana wake wawili. Kwao jina lilianguka njiani, kwangu likashika. Kwa nini? Ukungu ungekawia kidogo, leo ningekuwa nani? Labda tajiri kuliko wewe. Nilitaka kukasirika, sikuona wa kumukasirikia. Yeye hakunidanganya, ni miye nilijijaza.

Kuna jambo lingine, nalo halinisaidii. Tulipofungua njia, wote walikimbilia kuvuka. Yeye alimupa muke wake mutoto aliyembeba, akashuka ukingoni, akainama, akatazama chini ya mbao zangu muda murefu. Akapanda na matope magotini.

"Umeweka boriti nne," akasema.

"Kamio za siku hizi ni nzito, Mwalimu."

Akatikisa kichwa, vile alivyotikisa akisoma makaratasi yetu, akawaita batoto wake, wakavuka kuja upande wetu. Sijui kichwa kile kilisema nini. Nimejaribu kukisoma kila namna.

Mais miti yako miwili naijua. Yaya, usipitishe. Kamio tupu, labda. Ikijaa viazi vya Lubero ni tani saba, na miti miwili mibichi, kwa upana wa muto ule, haibebi hata nusu yake. Itakayemulalia ni wewe ao mutoto wa mama mudogo. Kwa hili sihitaji mutu aniambie aliniona ao hakuniona.

Kamio ya pili mupe huyo, mikono yake inafaa. Miye nakuja, lakini si kwa usukani. Nimeomba ruhusa. Wakikataa nakuja vilevile, nafasi ya kapita wampe wanayemupenda. Angusha miti minne mingine, minene, itoe maganda, iweke kivulini, isiguse udongo. Kambale wa Padri ana musumeno murefu. Mwambie aulete, na akiuliza nani anautaka, sema ni mwenzake wa benchi.

Mwalimu na watu wake wanalala chumbani mwangu mpaka wapate njia ya kwao. Miye nalala stoo, juu ya magunia ya misumari, ndiyo sababu mwandiko umepinda.

Nisalimie Mama, umushike mguu polepole. Nisalimie dada yetu Masika na mume wake fundi cherehani, ile suruali aliyonishonea bado inashika. Nisalimie mutoto wa mama mudogo, mwambie usukani ni wake, asubiri tu daraja.

Mudogo wako wa tumbo moja,

Kambale wa Daraja

Cheka tu.