Usukani Mzito wa Ami Shee

Ami Shee,

Nakuandikia nikiwa karakanani. Mikono nimeiosha kwa sabuni na mchanga, lakini bado karatasi inachukua alama za vidole. Utanisamehe. Wewe mwenyewe uligawa kadi za harusi ya binti yako zikiwa na dole gumba la grisi, Bi Rukia akakununia siku nzima.

Ni miezi mitano sasa tangu tukuzike, na sijawahi kukaa nikakueleza lolote. Mambo hayajabadilika sana. Magari ya Dubai yanazidi kushushwa bandarini, na kila mtu ananiambia karakana ya magari makuukuu haina maisha. Nawaitikia tu. Leo sikuandikii habari za hao. Nakuandikia habari ya gari lako.

Ulipofariki, Bi Rukia alinikabidhi ufunguo, akaniambia kutoka nyuma ya pazia nikuangalizie gari mpaka yeye amalize eda. Nililiegesha pale penye uwazi karibu na ukuta wa pwani, kwa sababu vichochoro vya Mji wa Kale unavijua: gari likiziba njia siku mbili, watu wanakuombea dua mbaya. Kila Ijumaa nilikwenda nikaliwasha, nikaliacha lingurume robo saa, nikalizima. Nikajiona mwanafunzi mwema kweli. Usukani sikuugeuza hata mara moja.

Jumatatu iliyopita mkeo akatoka eda. Alikuwa amepata kazi ya kupika pilau ya harusi Jumamosi, kazi yake ya kwanza tangu uondoke, na alitaka kuzibeba sufuria zake kwa gari lake mwenyewe. Si wewe uliyemfundisha kuendesha, kila Jumapili asubuhi kule Mama Ngina kando ya bahari, ndugu zako wakicheka? Basi alipanda, akalitoa, na kwenye kona ya kwanza usukani ukagoma. Aliuvuta kwa mikono miwili, mabega yote yakaenda, gari likasimama shibiri moja kutoka ukuta wa watu. Akashuka, akaketi barazani, akafuta jasho kwa ncha ya mtandio.

"Gari hini yanishinda, Katana mwanangu," akaniambia. "Ikiwa haitengezeki, mwambie yule bwana wa Makadara aje aitwae."

Yule bwana wa Makadara unamjua. Hununua magari akayakata vipande. Na bila gari, Bi Rukia angerudi kuwaomba ndugu zako wambebee sufuria. Ni watu wema, Mungu awaweke, lakini msaada wao huja na mashauri, na mashauri yao hayaishi. Tayari walikuwa wamesema apumzike, akae nyumbani, mjane anatafuta nini jikoni kwa watu. Nilimwomba mkeo anipe siku nne.

Nilianza chini kwenda juu, ulivyonifundisha. "Anda tini. Tairi haina haya ya kusema kweli." Nikapima upepo, tairi mbili za mbele zilikuwa zimelegea, nikazijaza. Nikafungua boneti, mafuta ya usukani yalikuwa yamepungua, nikaongeza. Mkanda unaozungusha pampu ulikuwa umelegea kidogo, nikaukaza. Nikapanda, nikageuza. Mzito vilevile. Basi pampu imekufa, nikasema, nikaifungua siku hiyohiyo na kuweka ile tuliyoitoa kwenye gari la yule mwalimu wa shule. Nikageuza tena. Mzito, Ami, kana kwamba nageuza jiwe la kusagia. Siku mbili zilikuwa zimekwisha.

Jumatano nikasikia sauti yako kabisa: "Usiwe na pupa, wewe. Gari haikimbii, ishaharibika." Nikakaa chini, nikanywa chai, ndipo nikafanya nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nikalinyanyua kwa jeki, magurudumu ya mbele yakaning'inia hewani, injini imezimwa. Nikageuza usukani. Bado mzito! Magurudumu hayagusi chini, pampu haifanyi kazi yoyote, na bado ni mzito. Kumbe pampu niliionea bure. Nikaachanisha vyuma vinavyounganisha magurudumu na usukani, nikayasukuma kwa mkono, yakaenda huku na huku kwa urahisi. Ikabaki sehemu moja tu, ule mti unaoshuka kutoka usukani wenyewe, na ile krosi yake ya chini, kiungo kidogo kinachouwezesha kupinda.

Hapo mikono yangu ikasita. Nakuambia ukweli. Krosi ile uliifunga wewe, mwaka jana, nami nilikushikia taa. Kwa siku tatu nilikuwa nimepapasa gari zima, nimeruka mahali hapo tu, kwa sababu mahali hapo pana mkono wako. Katika akili yangu kilichofungwa na Ami Shee kimefungwa. Ingekuwa ni kazi ya fundi mwingine yeyote ningeanza kuishuku kabla ya tairi. Nimemtesa mkeo siku tatu kwa heshima.

Nikaingia chini, nikaifungua. Ilikuwa imeshika kutu mpaka ndani, upepo wa chumvi wa miezi ile yote umeila, na mimi sikuigeuza hata mara moja ijilainishe. Na juu yake, Ami, umefungwa uzi mwekundu.

Nililala pale chini ya gari nikicheka, kisha sikuwa nacheka tena. Kila fundi aliyepita kwako anajua maana ya uzi ule. Kazi uliyoifanya kwa muda, kifaa cha zamani ulichoweka mpaka kipatikane kipya, uliifunga uzi mwekundu ili mtu asije akadhani imekwisha. Mimi taa niliishika, lakini uzi sikuuona ukiufunga. Labda nilikuwa nimegeuka kutafuta spana. Ulijua krosi ile si ya kudumu. Ulikuwa unakusudia kurudi.

Nikaukata uzi, nikautia mfukoni. Krosi niliilowesha mafuta ya taa usiku kucha, ikakataa. Alhamisi nikazunguka maduka ya vipuri mpaka nikapata mpya, nikaijaza grisi, nikaifunga. Pampu nikaitoa tena, nikaweka yako ya asili, kwa maana haikuwa na kosa. Nikajaza mafuta, nikageuza usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, mara nyingi, hadi mapovu yakaisha na upepo wote ukatoka. Mwishoni nilikuwa naugeuza kwa vidole viwili.

Nataka ujue nakushukuru, na si kwa mambo ya spana tu. Nilikuja kwako mtu mzima wa miaka thelathini, Mgiriama aliyeachishwa kazi bandarini, sijui hata kufungua boneti, na hukuniuliza mimi ni wa nani. Ramadhani ya kwanza uliniona nimejificha nyuma ya mapipa natafuna muhogo mkavu kwa aibu. Kesho yake saa saba mchana kikaja chakula kutoka kwa Bi Rukia, mwenyewe ana saumu, amekifunika kwa kawa. Ukaniambia, "Saumu ni yangu, njaa isiwe yako." Kila mwaka ukafanya hivyo mpaka mwaka huu. Sikuwahi kukuambia kwamba siku ile nilimwandikia mama yangu kule Kaloleni, nikamwambia asinihofie tena, nimepata watu.

Jana Ijumaa, alasiri, nikampelekea Bi Rukia gari. Tukaenda Mama Ngina, mimi nikaketi kiti cha kando, kule ulikokuwa ukiketi wewe ukishika breki ya mkono kwa hofu na kujifanya unatazama bahari. Watu walikuwa wameshaanza kujaa, mihogo inakaangwa, watoto wanakatiza barabara. Aliendesha polepole. Kwenye kona ya kwanza akageuza kwa mikono miwili, amekunja uso, amejiandaa kwa vita. Gari likakata kona bila neno. Kona ya pili akageuza kwa mkono mmoja. Kisha akasimama kando ya barabara.

"Shuka, Katana."

Nikamuuliza amesikia nini, mlio, mtikisiko?

"Sikusikia kitu. Nataka kwenda peke yangu."

Nikashuka. Akaenda mpaka mwisho, akageuka, akarudi. Nikainua mkono nikidhani ananijia. Akapiga honi akanipita. Akaja mara ya pili, akanipita tena, kichwa juu, dirisha wazi, na hakuwa analia, Ami, nilimtazama vizuri. Mara ya tatu sikungoja. Nilirudi Mji wa Kale kwa miguu, nikicheka peke yangu njia nzima kama mtu aliyerogwa.

Leo alfajiri sufuria zimekwenda kwenye harusi, na dereva ni yeye.

Basi pumzika, Ami. Mkeo yu salama na mimi nipo. Na ahadi yangu kwako ni hii: gari lolote lenye kazi yako likija kwangu, sitaogopa tena kufungua ulichokifunga. Nikikuta umekifunga vizuri, nitamwambia mwenye gari ni kazi ya Ami Shee. Nikikuta umekosea, nitakirekebisha, na nitamwambia aliyenifundisha kurekebisha ni Ami Shee.

Wako,
Katana